Tufani ni Mtoto wa Nani?

Ijumaa ya tarehe 3 Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaijongelea pwani ya Tanzania, kundi letu la familia kwenye WhatsApp halikulala. Boti za Unguja zilikuwa zimesimama, taarifa za hali ya hewa zinafuatana, na kila mwenye ndugu Mafia au Kilwa alikuwa na simu mkononi. Katikati ya hekaheka hiyo shangazi yangu wa Tanga, mwalimu mstaafu asiyekubali neno lipite bila kulikagua, akauliza: "Hiki kinachokuja ni kimbunga au ni tufani? Maana redioni wanasema kimbunga, msikitini wanasema tufani."

Kabla hajajibiwa, binamu mmoja akabandika ujumbe wa kusambazwa: tufani ni jina la shetani wa Wagiriki aitwaye Typhon, hivyo mtu wa dini asilitamke. Mwingine akaja juu: hilo ni neno la Qurani, limetokana na kutufu, yaani kuzunguka. Wa tatu, anayekwenda Guangzhou kufuata bidhaa, akasema wote wamekosea. Ni Kichina hicho, upepo mkubwa, amekisikia kwa masikio yake.

Upepo ukapita, Mafia na Kilwa zikahesabu hasara zao, na ule ubishi ukabaki bila mshindi. Nilirudi kwenye vitabu, kwa sababu hakuna hata mmoja kati yao aliyesema uongo mtupu. Kila mmoja alikuwa ameshika ncha moja ya kamba ileile.

Tuanze na huyo shetani, maana ndiye mwenye hadithi nono.

Anayemweleza kwa urefu ni Hesiod, mshairi wa Kigiriki aliyeishi miaka 2700 hivi iliyopita, katika utenzi wake kuhusu nasaba za miungu uitwao Theogonia. Zeus, mkuu wa miungu, amekwisha kuwashinda Titani, miungu waliotawala kabla yake, na kuwafukuza mbinguni. Gaia, Ardhi mwenyewe, analala na Tartaros, shimo lililo chini kuliko yote, na kumzaa mwanawe wa mwisho. Hesiod anamwita Typhoeus. Watunzi wengine walimwita Typhaon, Typhos au Typhon, na hili la mwisho ndilo lililodumu. Mabegani mwake vimeota vichwa mia vya nyoka, ndimi nyeusi zinalamba hewa, macho yanawaka moto. Mimi lakini sauti zake ndizo zilizonishika. Hesiod anasema kila kichwa kilikuwa na sauti, na sauti hizo hazikufanana: mara alitoa maneno ambayo miungu inayaelewa, mara mlio wa fahali, mara ngurumo ya simba, mara kelele kama za watoto wa mbwa, mara mbinja hadi milima ikaitikia. Aliyewahi kulala chini ya paa la bati usiku wa upepo mkali, akasikia nyumba inabweka, inalia na kupiga miluzi kwa zamu, hahitaji kuelezwa mtunzi alikuwa anasikiliza nini.

Zeus akaruka kutoka Olympos na radi mkononi, akavichoma vichwa vyote. Ardhi ikaungua na kuyeyuka, na hapa Hesiod anaingia karakanani: iliyeyuka kama bati linavyoyeyushwa na mafundi katika vyungu vyao, au kama chuma kinavyolainishwa na moto kwenye mabonde ya milimani. Kisha Zeus akamtupa yule jitu Tartaros.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, lakini Hesiod anaongeza mistari kama kumi na mbili, na hiyo ndiyo inayotuhusu. Anasema kutoka kwa Typhoeus hutoka pepo za mvua zenye kuvuma vibaya. Si pepo zote. Notos wa kusini, Boreas wa kaskazini na Zephyros wa magharibi ni wa ukoo wa miungu, na kwa binadamu ni neema kubwa. Zile nyingine ndizo za jitu: huangukia bahari yenye ukungu bila mpango, zikavuma mara huku mara kule, zikatawanya majahazi na kuua mabaharia, na anayekutana nazo baharini hana kinga. Zikifika nchi kavu huharibu mazao ya watu na kuyafunika kwa vumbi.

Nahodha wa Lamu au wa Bagamoyo angeielewa mistari hiyo bila mkalimani. Naye ana pepo zake zenye majina na adabu: kaskazi inayomleta mgeni kutoka Uarabuni na Uhindi, kusi inayomrudisha. Hizo ni pepo za kupangia safari, mikopo na harusi. Kinachoogopwa ni kile kisicho na zamu, hasa wakati wa tanga mbili, pale kaskazi imechoka na kusi haijashika. Angalia tarehe: kimbunga kilichoivunja Unguja kilipiga tarehe 15 Aprili 1872. Kile cha Lindi kilikuja Aprili 1952. Kenneth, kilichopita Komoro na kuipiga Msumbiji kaskazini huku Mtwara ikishika roho mkononi, kilikuwa cha Aprili 2019. Hidaya, mwanzoni mwa Mei. Vyote vimekuja katika ufa kati ya pepo mbili zenye heshima. Hesiod hakuijua bahari yetu, lakini mgawanyo wake wa pepo za miungu na pepo za jitu ungekaa vizuri tu kwenye baraza la Shela.

Waliokuja baada yake waliipamba hadithi. Katika simulizi lililohifadhiwa kwa jina la Apollodoros, Typhon anamshinda Zeus kwanza: anamnyang'anya mundu wake, anamkata mishipa ya mikono na miguu, na kuificha katika pango la Korykos, upande wa Kilikia. Hermes na mwenzake wanaiiba, wanamrudishia Zeus, na vita inaanza upya hadi Typhon anaangushiwa mlima Etna wa Sicilia. Pindar, katika shairi la mwaka 470 kabla ya Kristo, anaeleza kwamba moto na moshi wa Etna ni pumzi za jitu lililolazwa chini yake. Pango la Korykos lipo hadi leo, kusini mwa Uturuki katika mkoa wa Mersin, na wenyeji wanayaita mashimo yale mawili Pepo na Jahanamu. Kabla hajafungwa, Typhon alikuwa ameshazaa na Ekhidna, nusu mwanamke nusu nyoka, ukoo wa kutisha: Kerberos, yule mbwa wa kuzimu, na Hydra wa vichwa vingi wakiwemo.

Jina lake lilitoka wapi? Hapa Wagiriki wenyewe walikuwa wanakisia. Wengi walilifungamanisha na kitenzi typhō, kufuka moshi, jambo linaloeleweka kwa jitu linalokaa chini ya volkano. Kitenzi hichohicho kilizaa nomino typhos: moshi, ukungu, na kwa matabibu, ule ukungu wa akili unaompata mgonjwa wa homa kali hata asijue yuko wapi. Kutoka humo Wazungu walipata tifasi, homa inayoenezwa na chawa, na mwaka 1829 daktari Mfaransa Pierre Louis akaeneza jina la homa nyingine "iliyofanana na tifasi", ambayo leo kila zahanati yetu inaiita taifodi. Kwa hiyo anayetoka maabara na karatasi ya majibu ya taifodi amebeba neno lililo jamaa wa karibu wa Typhon, kama si mjukuu wake, ingawa bakteria wenyewe hawana uhusiano wowote na chawa wala volkano. Jina lilikaa, tiba ikasonga mbele.

Kuna maelezo mengine, nami yananivuta zaidi ya moshi, ingawa si wataalamu wote wanaoyakubali. Mpakani mwa Uturuki na Syria, pale mto Orontes unapoingia baharini, kuna mlima mrefu unaochomoza moja kwa moja kutoka ufukweni. Wagiriki waliuita Kasios. Waarabu wanauita Jabal al-Aqra, mlima wenye upara. Watu wa Ugarit, mji uliokuwa kusini yake miaka 3300 iliyopita, waliuita Sapanu, wakaamini Baali, mungu wa radi na mvua, anakaa kileleni na ndiko alikopigana na Yam, mungu wa bahari. Katika Biblia mlima huo ndio Safoni. Wahiti nao, jirani zao, walikuwa na hadithi ya nyoka Illuyanka anayemshinda mungu wa dhoruba na kumpokonya moyo na macho, kisha mungu anavirudisha kwa hila na kumuua nyoka. Linganisha na mishipa ya Zeus. Apollodoros anasema vita ya Zeus na Typhon ilipita kwenye mlima huohuo wa Kasios, na Strabon mwanajiografia anaandika kwamba mto Orontes zamani uliitwa Typhon. Ndiyo maana wako wanaosema jina Typhon lenyewe ni Safoni iliyotamkwa na ulimi wa Kigiriki. Hadithi kusafiri kutoka mashariki, hilo karibu kila mtu anakubali. Jina kusafiri nayo, hapo ndipo wanapovutana, kwa sababu sauti ya kwanza ya Safoni haigeuki kirahisi kuwa t ya Kigiriki.

Basi hata huyo "shetani wa Wagiriki" yaelekea alikuwa na shina pwani ya Syria.

Polepole jina la jitu likawa jina la upepo. Aristotle, katika kitabu chake kuhusu mambo ya angani, analitumia typhōn kama istilahi kavu kabisa: upepo unaojizungusha ukishuka kutoka wingu. Hana nyoka wala mabega. Pliny, Mrumi wa karne ya kwanza, anauita balaa kuu la mabaharia, linalovunja foromali na hata chombo chenyewe, kisha anatoa dawa: uone unakuja, umwagie siki. Sijui nahodha gani aliwahi kusimama gubeti na chupa ya siki akingojea kimbunga, lakini ushauri ndio huo, na umehifadhiwa miaka karibu elfu mbili. Msomaji wa Biblia naye amekwishapita hapo bila kujua. Katika Matendo ya Mitume sura ya 27, merikebu inayompeleka Paulo Roma inakamatwa na upepo karibu na Krete na kusukumwa hadi Malta. Katika Kigiriki, upepo huo unaitwa typhōnikos, wa aina ya typhon.

Hapo binamu yangu wa kwanza angepiga makofi. Typhon, upepo wa kuzunguka, tufani: nini kingine kinatakiwa?

Kinatakiwa kitu kimoja. Neno letu halikutoka Ugiriki kuja Pwani. Limetoka Uarabuni, na huko Uarabuni, linapoonekana mara ya kwanza mahali tunapoweza kulishika, halina upepo ndani yake.

Neno ṭūfān limo mara mbili katika Qurani. Katika sura ya 29, aya ya 14, linawakamata watu wa Nuhu baada ya yeye kukaa nao miaka elfu kasoro hamsini. Katika sura ya 7, aya ya 133, ni la kwanza katika orodha ya adhabu zilizowashukia watu wa Firauni, kabla ya nzige, chawa, vyura na damu. Kwa Nuhu, kilichoua ni maji. Hakuna anayesimulia kisa cha Nuhu akasema watu walipeperushwa. Kwa hiyo tufani ya asili ni kile ambacho Waswahili Wakristo hukiita gharika, neno ambalo nalo ni la Kiarabu, lenye maana ya kuzama.

Wanasarufi wa Kiarabu walilieleza neno hilo kwa mzizi wa ṭ-w-f, kuzunguka: maji yamewazunguka watu pande zote. Mzizi huo Mswahili anao nyumbani kwa sura tatu. Anayehiji hutufu Kaaba, na kitendo chenyewe ni tawafu. Na kundi la watu waliokusanyika pamoja, ṭāʾifa, ndilo lililotupa taifa. Inapendeza kuona tufani, tawafu na taifa katika sentensi moja. Ila kupendeza si ushahidi. Wataalamu wa lugha za Kisemiti, akiwemo Arthur Jeffery katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu maneno ya kigeni katika Qurani, wanaelekeza kwingine: Kiaramu, lugha iliyosemwa na Wayahudi na Wakristo wa Syria na Iraki kwa karne nyingi kabla ya Uislamu. Kwa Kiaramu gharika ya Nuhu inaitwa ṭōpānā, na kwa Kisiria, lahaja ya Wakristo, ṭawpānā. Neno hilo lina mzizi wake humohumo, wenye maana ya kufurika na kuelea juu ya maji. Sauti inafanana, maana ni ileile, kisa ni kilekile cha Nuhu. Kwa ushahidi wa nasaba, huyo ndiye mama.

Mtu anaweza kuuliza: je, Waaramu nao hawakulichukua kwa Wagiriki? Au Waarabu hawakuchanganya yote mawili? Hapa kuna kipimo kidogo ambacho Mswahili anaweza kukifanya mezani kwake bila kujua herufi moja ya Kigiriki, kwa sababu kabati letu limejaa maneno ya Kigiriki yaliyopitia Uarabuni. Kalamu ni kalamos. Karatasi ni khartēs, iliyopita Kiarabu kama qirṭās. Falsafa, injili, vyote ni hivyohivyo. Karatasi inatuonyesha kwamba t ya Kigiriki huweza kugeuka kuwa ile ṭ nzito ya Kiarabu, na falsafa inatuonyesha kwamba ph huwa f. Mpaka hapo Typhon bado yumo mbioni. Sasa tazama mwisho wa neno. Kigiriki kanōn, rula au kipimo, kilikuwa qānūn kwa Kiarabu na kanuni kwetu. Majina ya wanafalsafa nayo ni hivyohivyo: Platōn alikuwa Aflāṭūn. Zēnōn alikuwa Zīnūn. Ile -ōn ya Kigiriki huishia -ūn, mara kwa mara, kama saa. Kwa kanuni hiyo (neno lenyewe linajitolea ushahidi) typhōn ingetupa ṭūfūn, na leo redio ingekuwa inatangaza tufuni. Tunachosema ni tufani, chenye a ileile ya ṭōpānā.

Sitii chumvi: Kiarabu kina maneno mengi yanayoishia -ān, na neno la kigeni huweza kuvutwa likafuata kundi. Kipimo changu hakimfungi Typhon jela. Kinamtoa tu kwenye kiti cha baba na kumweka kwenye kiti cha mjomba.

Na ujomba huo ulifungwa baharini. Mahali fulani kati ya gharika ya Nuhu na chombo cha biashara, tufani iliacha kuwa maji pekee ikawa maji na upepo. Ni rahisi kuona kwa nini: baharini huwezi kuvitenganisha. Kiajemi kikalichukua neno likiwa na maana ya dhoruba, kikalipeleka Uhindi, na leo Mhindi akisema tūfān anamaanisha kimbunga, hamaanishi safina. Wagujarati wakalipeleka mbele zaidi. Kwao tofān ni dhoruba, ni ghasia, na pia ni utundu wa mtoto. Nenda nyumba ya Kigujarati Mombasa au Dar es Salaam wakati wajukuu wamefunga shule, utamsikia bibi akimwita mmoja wao tofani. Sijui neno la Kiswahili linalompata mtoto wa aina hiyo vizuri zaidi.

Wareno walipoingia Bahari ya Hindi walilipata neno likiwa tayari midomoni mwa mabaharia wote, wakalitamka tufão. Kiingereza kikalipokea kwa milango miwili, na hapa ndipo kamba inapopata fundo lake. Mwaka 1555 Richard Eden, akitafsiri habari za Wahispania katika visiwa vya Karibi, aliandika kuhusu tufani za angani ambazo Wagiriki huziita Tiphones na wenyeji wa visiwa vile huziita furacanes. Hiyo Tiphones imetoka vitabuni, ni Kigiriki cha shule. Miaka 33 baadaye, 1588, ikachapishwa tafsiri ya safari za Cesare Federici, mfanyabiashara wa Venice aliyezunguka Uhindi na Burma, na humo mna Touffon, upepo wa kutisha wa bahari za mashariki. Hiyo imetoka gatini, kwa mabaharia. Maneno mawili, vyanzo viwili, na mtu wa London hana sababu ya kudhani ni kitu kimoja isipokuwa kwamba yanafanana kwa sauti na yote yanazamisha meli.

Kisha wakafika China. William Dampier, baharia na mwandishi, mwaka 1699 anaandika Tuffoon kwa pepo za pwani ya Tonkin, yaani Vietnam ya kaskazini, na China, na kwa jicho kali anaona kwamba hazina tofauti na zile za visiwa vya Karibi. Huko China wenyeji wana tai fung yao: kwa Kikantoni, upepo mkubwa ni daai fung. Msomi mmoja anasema mabaharia Waarabu waliotia nanga Guangzhou na Quanzhou kwa karne nyingi waliwaachia Wachina neno; mwingine anasema Wachina ndio waliowapa; wa tatu anasema kila mmoja alikuwa na lake, yakakutana tu. Bahati ya namna hiyo ipo. Katika Kimbabaram, lugha ya wenyeji wa Queensland, Australia, mbwa anaitwa dog, kama kwa Kiingereza hasa, na lugha hizo mbili hazina udugu wala hazikuazimana neno hilo. Watu wana sauti chache midomoni na vitu vingi vya kuviita. Mara mojamoja lazima wagongane.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya wasomi wa Ulaya. Wamezoea Kigiriki tangu utotoni, wakaona tuffon, touffoon, tay-fun zimetapakaa kila ukurasa, wakazivalisha nguo za Hesiod: y mahali pa u, ph mahali pa f. Likatoka typhoon. Neno la Waarabu, Wahindi, Wareno na Wachina likawekewa sura ya jitu la vichwa mia. Kwa hiyo ujumbe wa binamu yangu ni sahihi kwa Kiingereza, hasa kwa tahajia yake, na si sahihi kwa Kiswahili. Kiswahili kilikwisha kupata neno kwa njia ya jahazi, bila kupitia London.

Sasa swali la shangazi. Mitaani kwetu tufani, dhoruba, kimbunga na gharika huchanganywa bila kugombana, lakini kila moja lina pahala pake. Gharika ni ya maji. Tufani ni ya bahari na ya vitabu vya dini: chombo kimepatwa na tufani, tufani ya Nuhu. Dhoruba ni ya yeyote, hata ya siasa. Kimbunga ndilo neno ambalo watabiri wa hali ya hewa wamelichagua kwa ule upepo mkubwa wa joto unaozunguka jicho, ambao huko Pasifiki ya magharibi unaitwa typhoon, Atlantiki hurricane, na katika Bahari ya Hindi cyclone. Kitu ni kimoja. Kinabadilisha jina kwa bahari kama mtu anavyobadilisha noti mpakani. Pwani yetu hukiona mara chache kwa sababu karibu na ikweta ule msukumo wa mzunguko wa dunia unaoupinda upepo ni hafifu mno. Kikija, huacha alama. Kile cha 1872, katika miaka ya mwanzo ya Sultani Barghash, kiliing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuvunja vyombo bandarini, lakini Pemba haikuguswa sana. Tangu hapo karafuu ni ya Wapemba.

Na hili la cyclone lina kichekesho chake. Alilibuni nahodha mstaafu Henry Piddington, huko Calcutta katika miaka ya 1840, akitaka neno safi la kisayansi. Akachimba Kigiriki akapata neno la kitu kilichojiviringa, na mfano aliokuwa nao akilini ulikuwa nyoka aliyejikunja. Amemkimbia Typhon, akaangukia vichwa vyake.

Niliandika yote haya kwa ufupi, nikayatuma kwenye kundi. Binamu wa Guangzhou akaweka kidole gumba. Mwenye ujumbe wa shetani hakusema kitu, ila nilimwona kaufuta. Shangazi alikaa kimya kama robo saa, nikajua anasoma kwa miwani, kisha akaandika: "Nimeelewa, mwanangu. Tufani, kimbunga, haya. Sasa niulizie hao watu wa hali ya hewa: nani alikaa kitako akaliita balaa lile Hidaya?"